Sifa za Rangi Inayobanduka

Wapo waliosifu dhahabu, wapo waliosifu wali wa nazi. Mimi naisifu rangi nyeusi ya maboksi ya spika tunayojichongeshea mtaani, ile inayobanduka kabla bibi harusi hajakata keki.

Kwanza ni karimu: kila anayebeba boksi huondoka na fungu lake mkononi, na shati jeupe la dijei halijawahi kunyimwa. Pili haina makuu: turubai la kirikuu likiigusa tu, inaachia.

Lakini fadhila yake kuu ni ukweli. Ubao wa MDF una uso laini na kingo zenye kiu. Kingo zisipozibwa kwa praima zikapigwa msasa, hunywa rangi yote, zikabaki zimeparara; hapo rangi inatamka wazi: kingo hazikuzibwa. Ikitoka magamba mapana, inasema: uso haukukwaruzwa kwa msasa, sikuwa na pa kushika. Kidole kikiacha alama, inashtaki: nilimwagwa tabaka moja nene badala ya matatu membamba, juu nimekauka, ndani ningali mbichi. Maana rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake utadhani imekauka, kumbe kuiva hasa huchukua wiki kadhaa. Shahidi gani mwingine hutoa ushahidi bila kuapishwa, bila nauli, mbele ya ukumbi mzima? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti mara moja kwa mwaka. Rangi hii hutoa yake kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kuomba muda zaidi wa kujibu hoja. Ipewe joho. Ipewe ofisi, dereva na posho ya kikao.

Ushahidi wenyewe unamhusu fundi. Yule aliyesema, “Hii bosi, mpaka wajukuu.” Hela ya praima alichukua, akanunua thina, akaizimua rangi mpaka ikawa chai ya rangi, akanikabidhi maboksi yanayonata huku akidai yaliyobaki! Praima, jamani! Kopo moja la praima!

Basi, nirudi kwenye sifa. Fundi naye ana walimu wake. Tangu utotoni ameona habari za mgeni rasmi zikifika shuleni: ukuta wenye fangasi unapigwa rangi usiku, nyufa zikiwemo, na mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Asubuhi mgeni anasifu mazingira, anakata utepe, anapigwa picha, anaondoka. Masika ikija ukuta unavuliwa nguo, na mkandarasi ameshalipwa.

Kwa hiyo fundi wangu si mjinga, ila hajui kupima muda. Rangi yake hubanduka mteja akiwa bado yupo. Siku atakapojua kuichelewesha mpaka mgeni apande gari, naye atapewa zabuni.