Sanaa ya Kupoteza Mechi 134

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, na wewe kijana wa kiti cha nyuma uliyefuata soda: kaeni vizuri. Mbele yenu amesimama bingwa pekee wa taaluma ya besiboli ya karne ya kumi na tisa katika wilaya hii, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kukosekana mpinzani. Najua mnanong'onezana kwamba sijawahi kushika gongo la besiboli. Ni kweli. Mkunga mwanamume naye hajawahi kujifungua, na watoto wanazaliwa.

Leo nitathibitisha, kwa tarakimu na kwa sauti kubwa, kwamba timu iliyotukuka kuliko zote katika historia ya mchezo huo ni Buibui wa Cleveland wa mwaka 1899. Walicheza mechi 154. Walishinda 20. Walipoteza 134. Mnaocheka, chekeni mapema, tuendelee. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi nitajieni washindani waliokubali zaidi ya hawa.

Kwa faida ya wasiojua: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo, akiupiga vizuri anakimbia kuvizunguka vituo, na akifika salama alikoanzia anaipatia timu yake mkimbio mmoja. Yaliyobaki ni hesabu, na hesabu ndiyo fani yangu.

Tuanze na mwasisi wa sanaa hii, Bwana Frank Robison, tajiri wa tramu mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio. Uwanja wa timu yake ulikuwa kwenye njia ya tramu zake. Shabiki alilipa nauli kwa Robison, akalipa kiingilio kwa Robison, timu ikafungwa akapanda tramu ya Robison kwenda kununa nyumbani. Timu yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo. Mwaka 1898 ilimaliza ya 5 kati ya timu 12 za Ligi ya Taifa. Ilikuwa na mrushaji Cy Young, aliyekuja kustaafu na ushindi 511 ambao hadi leo hakuna aliyeukaribia, na mpigaji Jesse Burkett, moto wa kuotea mbali. Lakini mashabiki hawakuwa wakijaa, na sheria iliibana timu isicheze Jumapili, siku pekee ambayo kibarua wa kiwandani alikuwa na nafasi ya kwenda mpirani.

Huko St. Louis nako kulikuwa na Chris Von der Ahe, Mjerumani mwenye baa aliyegundua kuwa mpira unauza bia, akaingia kwenye mpira, kisha mpira ukammaliza. Mwanzoni mwa 1899 klabu yake ikapigwa mnada kwa madeni, ikaishia mikononi mwa Robison na nduguye Stanley. Sasa familia moja ikawa na klabu mbili ndani ya ligi moja. Haramu? Hapana! Kanuni hazikukataza. Brooklyn na Baltimore nazo zilikuwa na wamiliki wao wa pamoja. Mwenye husuda atasema huo ni mgongano wa maslahi. Mimi ninasema maslahi hayakugongana popote. Yalipishana kwa adabu kabisa, yote yakielekea St. Louis.

Maana Young alipelekwa St. Louis. Burkett St. Louis. Bobby Wallace St. Louis. Meneja Patsy Tebeau naye akafungasha. Cleveland ikaletewa masalia ya klabu ya Von der Ahe, ambayo msimu uliopita ilikuwa imepoteza mechi 111. Timu mpya ya St. Louis ikabatizwa Perfectos, yaani wakamilifu, na tarehe 15 Aprili ikafungua msimu kwa kuwakaribisha Buibui. Pale kwenye kilima cha mrushaji alisimama Cy Young, akiwarushia mipira watu waliovaa jezi yake ya mwaka jana. Matokeo: 10 kwa 1. Tazameni unyenyekevu huo! Mgeni mwenye kiburi angefunga mbili.

Meneja wa kwanza wa Buibui, Lave Cross, alishinda mechi 8 na kupoteza 30. Kosa lake lilikuwa kucheza vizuri mwenyewe, na Robison alikuwa na jicho: Cross naye akapelekwa St. Louis. Nafasi yake ikachukuliwa na Joe Quinn, mzaliwa wa Australia, ambaye nje ya msimu alikuwa akifanya biashara ya maziko. Hapa wanazuoni wenzangu hupita bila kuona kitu. Mimi nasimama. Katika historia nzima ya usajili, ni nani aliyewahi kupata kocha anayelingana na kazi kiasi hicho? Quinn alishinda 12, akapoteza 104, na kwa taaluma yake naamini uso haukubadilika.

Mashabiki wa Cleveland wakagoma kimyakimya. Msimu mzima, kwenye uwanja wa nyumbani, waliingia watu 6,088. Si kwa mechi moja, ndugu zangu, ni kwa msimu. Gawanyeni kwa mechi 42 mtapata watu 145, idadi ambayo harusi ya kawaida ya mtaani kwetu ingeona aibu. Timu ngeni zilipata mgawo wa viingilio, na mgawo huo haukutosha hata kulipia hoteli. Basi zikagoma kwenda Cleveland. Ikabidi Buibui wao ndio wawafuate wenzao, mechi 112 ugenini, kutoka treni hadi treni. Wakashinda 11, wakapoteza 101.

Na hapa ndipo fikra za Robison zinaponitoa machozi. Leo timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162, ugenini 81 tu. Hata ikipoteza zote haiwezi kufikisha 101. Rekodi nyingine hulindwa na bahati. Hii inalindwa na ratiba.

Msiniambie walikuwa wakibahatisha. Kuanzia Agosti mwishoni walipoteza mechi 24 mfululizo. Wakashinda moja, dhidi ya Washington, nadhani kwa uchovu. Wakatubu, wakapoteza 16 nyingine. Mrushaji wao Jim Hughey alipoteza 30 peke yake na kushinda 4. Kuna mashabiki humu ndani ambao timu yao ikitoka sare mbili wanataka kocha afukuzwe, jifunzeni subira.

Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Oktoba, mjini Cincinnati. Kazi ya kurusha alipewa Eddie Kolb, kijana aliyekuwa akiuza sigara kwenye kibanda cha hoteli. Inasemekana alitoa boksi la sigara ili apangwe. Akasimama, akarusha mechi nzima, na Buibui wakachapwa 19 kwa 3. Hakucheza tena ligi kuu. Mtu aliyeonja kilele angerudi kutafuta nini?

Buibui walimaliza wa 12 kati ya 12, mechi 84 nyuma ya mabingwa Brooklyn. St. Louis ilishinda mechi 84. Idadi ni ileile, nami nimetumia miaka mingi kuitafakari bila kuambulia kitu. Baada ya msimu ligi ilizifuta klabu 4, Cleveland ikiwemo, na wenye klabu wakalipwa fidia. Wachambuzi wanaiita aibu. Mimi naiita kiinua mgongo.

Maswali? Mama wa kilemba cha kijani. Wakamilifu walishika nafasi ya ngapi na nyota wote wale? Swali zuri, ingawa nilitarajia lisiulizwe. Walishika nafasi ya 5. Ndiyo, ileile ya Cleveland ya mwaka uliotangulia. Tupite haraka hapo.

Wewe kijana wa soda. Klabu ile ya St. Louis ilichukua ubingwa wa ligi lini? Mwaka 1926. Ndiyo, Robison alikuwa amekwishafariki, mwaka 1908. Swali linalofuata, na liwe la mtu mwingine.