Kwenye Msafara wa Mamba

Malampaka hatupati watalii. Wazungu wanaokuja mkoa wa Simiyu hupitia Lamadi, wakaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, na hata vumbi lao halitufikii. Watalii wetu ni watoto wetu wenyewe. Ikifika Desemba wanashuka kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, miwani myeusi usoni, wakitusalimia "Mwangaluka" kwa lafudhi ya Kariakoo. Wachuuzi wa mnadani wanausubiri msimu huo kama wavuvi wanavyosubiri usiku wa giza kuvua dagaa.

Mtalii wa nyumbani ana udhaifu wa aina mbili: ana hela ya likizo mfukoni, na hataki ionekane kwamba haijui orijino. Mwenyeji akipita kwenye turubai la nguo anaambiwa, "Mzee, elfu nane tu." Mgeni akipita anaambiwa, "Bosi, mzigo wa Dubai huu, gusa mwenyewe, elfu ishirini na tano." Fulana ni ileile.

Kwa lugha ya mnadani, kuna orijino, kuna kopi namba moja, kuna mchina, halafu kuna feki. Feki hakuna anayeiuza. Feki ziko kwa yule jamaa wa turubai la pili. Jamaa wa turubai la pili naye atakuonyesha la tatu. Utakutana na raba za "Adibas" zenye mistari minne, mmoja umeongezwa kwa ukarimu. Utakuta Rolex zimepangwa juu ya gunia, zote zinasema saa nne na dakika kumi, na zitaendelea kusema hivyo hadi Pasaka.

Binamu yangu wa Dar yeye alichagua fulana yenye mamba kifuani. Mamba huyo ana historia yake. Katika miaka ya 1920 mcheza tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, aliwekeana dau la sanduku la ngozi ya mamba, na waandishi wa habari wa Marekani wakambandika jina la mnyama huyo. Mwaka 1933 akaanza kuuza fulana zenye mamba huyo kifuani. Fulana ya kweli inauzwa Ulaya kwa zaidi ya euro 100, fedha ambayo kwetu lazima uswage mbuzi kadhaa hadi mnadani ndipo uipate. Binamu aliipata kwa elfu kumi na nane, akarudi nyumbani anatabasamu kwamba kampiga mchuuzi bei.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu sogea." Babu akaishika fulana kifuani, akaileta karibu na macho. "Huyu mnyama kamchora nani?"

"Huyo ni mamba, babu. Ni kampuni ya Ufaransa."

"Mamba ana shingo ndefu hivi? Mjukuu wangu, mimi nimevuka mto Simiyu na mamba wapo. Huyu ni kenge. Ndugu zake ndio waliomaliza mayai ya kuku wa bibi yako."

Wahenga wameshasema kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Huyu wa binamu alikuwa hata hajafuata msafara. Alikuwa peke yake, anatazama upande usio wake.

Asubuhi ya Krismasi shangazi akajitolea kunyoosha nguo za watu wa kanisani. Akasoma lebo ya ndani ya fulana ya binamu: pamba asilimia 100. Shangazi kakulia shambani, anajua pamba hainyooki bila moto wa maana. Akajaza mkaa kwenye pasi, akaupepea hadi ukashika, akaibandika kifuani. Fulana ikanywea. Alipoinua pasi, kenge naye akainuka, kaganda chini ya chuma, na kifuani pakabaki dirisha lenye umbo la pasi. Binamu akaenda misani na shati la babu, lisilo na mnyama wa aina yoyote.

Jioni babu aliomba kiberiti. Akavuta uzi mmoja kwenye mabaki ya fulana, akauwasha. Ukajikunyata, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Akavuta mwingine kwenye pindo la shati lake. Huo ukawaka bila kuyeyuka, ukanuka karatasi inayoungua, ukaacha majivu yaliyopukutika alipoyagusa. "Huu," akasema, "ndio tunaoulima."

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza kuuma. Simiyu ndio mkoa unaoongoza Tanzania kwa kilimo cha pamba. Tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba imekuwa ikisafirishwa kwa njia hii inayopita Malampaka, na hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya nchi inauzwa nje kabla haijafumwa. Fulana ya Lacoste yenyewe ni ya pamba. Sisi tunapeleka pamba bila jina, tunarudishiwa jina bila pamba, tena limekosewa herufi.

Nembo ya kigeni isiyo na mashaka mnadani nimeiona kwenye katambuga tu. Fundi anakata tairi kuukuu, anapigilia misumari, na ukibahatika utakuta herufi za kampuni iliyotengeneza tairi bado zinasomeka ubavuni mwa kiatu. Hiyo ni orijino, imeshatembea kilomita nyingi kabla hujaivaa, na mbuga zetu zenye tope jeusi haziing'oi soli.

Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani inakamata na kuteketeza mizigo feki. Lakini siku ya mnada mkaguzi ni wewe mwenyewe. Ukija likizo Desemba, beba kiberiti, na kabla hujatoa hela omba ruhusa ya kuvuta uzi mmoja. Mchuuzi akikataa, umeshapata jibu bila kuunguza kitu.