Sikio la Injini

Moshi wa bluu ulianza kabla hatujafika Kimara Baruti, tena siku ambayo kiti cha nyuma kakalia mama mkwe. Upande mmoja basi la mwendokasi limejaa watazamaji. Upande wa pili konda wa daladala kachungulia, akawatangazia abiria wake: "Fungeni vioo jamani, huyu anapuliza dawa ya mbu!" Mama mkwe akavuta khanga hadi puani, akauliza kwa upole unaouma kuliko tusi: "Baba, ndiyo hiyo nguvu mliyoiongeza?"

Ndiyo hiyo, mama. Na ililipiwa taslimu.

Iliongezwa usiku, Barabara ya Sam Nujoma, fundi wa kompyuta za magari kapakata laptopu huku akinihimiza, "Kanyaga kaka, kanyaga!" Forester yangu ya turbo ikapanda cheo, ikawa "steji ya pili". Mashine ya kupimia nguvu hakuna, kifaa cha kupima uwiano wa hewa na mafuta hakuna. Kulikuwa na faili tu, lililotengenezewa gari la mtu mwingine huko Japani, ambako petroli ya daraja la juu huwa na oktani 98 hadi 100.

Nivumilieni kidogo, maana tangu aibu ile sisomi kitu kingine ila pistoni. Cheche ya plagi hairuki pistoni ikiwa juu kabisa. Inaruka mapema kidogo, pistoni ikiwa bado inapanda, ili moto upate muda wa kusambaa na msukumo mkubwa uje pistoni ikianza kushuka. Ukiiwahisha cheche zaidi, nguvu inaongezeka, lakini kuna mpaka. Turbo ikishindilia hewa kupita kiasi, joto linapanda, na petroli ya oktani ndogo haingoji mwali uifikie: inalipuka yenyewe pembezoni mwa silinda. Huko ndiko kunoki. Kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni, na dereva aliyefungulia muziki hasikii lolote.

Injini inasikia! Ubavuni mwake kuna sensa, ndani yake kipande cha kauri kinachotoa umeme kikitikiswa. Mlio wa kunoki hutegemea upana wa silinda. Kwa injini kama yangu ni kilohezi 6 hivi, na sensa imetegwa kuusaka huo huo katikati ya makelele yote. Ikiupata, kompyuta inachelewesha cheche nyuzi chache, hatari inapita, wewe unaendelea kutafuna karanga. Aliyebuni kitu hiki alistahili kusimamishwa pale Posta, jirani na sanamu ya Askari.

Fundi wangu aliuzima usikivu huo. "Ilikuwa inabana nguvu," alinieleza kwenye simu, bila hata kukohoa. Kwa hiyo siku ile injini ilinoki mlima mzima wa Kimara, ikatoa taarifa kwa utaratibu, na kompyuta ilikuwa imekwisha amriwa isisikilize.

Kilichovunjika ni ukingo mwembamba wa alumini kati ya ringi na ringi, pistoni ya silinda namba 4. Gesi za mwako zikapenya hapo hadi kwenye oili, zikaisukuma ipande kwenye bomba la kupumulia, oili ikaingia turbo, ikaenda kuungua na hewa. Konda akapata kichekesho cha wiki.

Dalili zilikuwepo mapema: klachi iliungua Chalinze. Ekzosi ilikuwa ikipiga risasi kila nikiachia mafuta, na mlinzi mmoja wa benki pale Mwenge hadi leo hatusalimiani. Taa ya injini haikuwahi kuwaka, nayo ilizimwa.

Hapo kicheko kinanikauka. Ukinunua pasi ya umeme unapewa waranti. Ukimkabidhi mtu injini ya mamilioni unapewa "usijali kaka". Video ya gari likichomoka anaiweka mtandaoni usiku uleule. Video ya brekidauni hutaiona. Ukilalamika, anasema injini zenu za mtumba zimekuja zimechoka, kisha anakuelekeza maduka ya vipuri ya Gerezani ukatafute nyingine, ambayo yuko tayari kuipandisha steji kwa punguzo.

Sikutaka punguzo. Nilimwomba anirudishie faili la awali, lile la kiwandani, ili injini mpya isikie. Akasema hakulihifadhi.