Kitwitwi wa Sebuleni

Baba mkwe kaondoka asubuhi hii na masikio yangu bado yanawaka. Jana alisimama mbele ya picha yangu ya kitwitwi, chapa ya Kijerumani ya karne ya 19, akaikodolea macho mpaka chai ikapoa, kisha akauliza mashemeji wakisikia: "Mkwe, huyu ndege kakosa nini? Mbona kasimama kama anapigwa picha ya polisi?" Mama mkwe alicheka mpaka akashikilia mlango. Kijiji kizima cha Kinampanda kitakuwa kimeshasikia.

Nikajitetea kwa somo. Chapa hizi, baba, fundi alizichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, na mawe bora yalitoka Solnhofen, Bavaria. Jiwe linaloweshwa: penye mafuta maji hayashiki, penye maji wino haushiki. Ukipitisha rola, wino unakaa kwenye mchoro peke yake. Unagandamiza karatasi, ndege anatoka, ila kageuka! Aliyetazama kushoto sasa anatazama kulia, na maneno yote lazima uyaandike kinyumenyume. Alois Senefelder aliyagundua hayo mwishoni mwa karne ya 18, akihangaika kuchapa tamthilia zake kwa bei nafuu. Mara nyingi rangi zilipakwa baadaye kwa brashi, nakala moja moja.

"Sawa," akasema mzee, aliyevua samaki ziwa Kitangiri ujana wake wote, "na huyo fundi alishamwona kitwitwi akikimbia?"

Nilikosa jibu. Wachoraji wengi wa Ulaya walichora wakitazama ngozi kavu zilizojazwa pamba, miguu na midomo imeshapauka. Baadhi ya vitwitwi wenyewe hushuka kwenye maziwa yetu kila mwaka kutoka kaskazini ya Urusi, na kuwatazama ni bure.

Kinachoniuma hasa ni kingine. Kitwitwi wa maziwa yetu ya magadi aliingizwa kwenye vitabu vya sayansi na wataalamu wa Kijerumani Fischer na Reichenow mwaka 1884, na majina yao hayajamtoka hadi leo. Wapagazi waliobeba mizigo ya safari za kukusanya ndege hawakuachiwa hata herufi chini ya kucha za ndege. Kwenye chapa, mchoraji jina lake huwa kona ya kushoto, mchapaji kulia. Aliyebeba, hana kona.

Mengine yaliyoipata picha yangu ni madogo: masika yalitia ukungu ndani ya kioo, na mwanangu kamwongezea ndege yai kwa kalamu ya wino.

Na majina ya kwenye chapa yangu siwezi kukuonyesha. Fundi fremu aliyakata ili picha ienee, akanitoza na hela ya kukata.