Mashine Inamjua Mama Chai

Jamani, mimi nilimkosea nani? Ofisini kwetu hapa Makadara kuna mashine ya fotokopi moja tu. Imezeeka, inakohoa na ina madharau. Ikikwama, watu wote wanageuka kunitazama mimi. Kisa? Bosi alinipeleka semina ya siku mbili, ati "usimamizi wa maarifa". Nilirudi na cheti, kalamu na gesi tumboni.

Anayeijua ile mashine ni Mama Chai, na semina hajawahi kuiona. Karatasi zikikwama, anaweka birika chini. Anafungua kimlango cha kando, anavuta trei nusu, anaizaba kofi moja chini ya kitufe cha kijani, anasubiri. Inanguruma. Inatema karatasi zikiwa moto. Basi. Anachukua birika lake anaenda.

Wiki jana akaenda shags, kuna matanga. Mashine nayo ikagoma siku hiyo hiyo. Bosi akaniita. "Si wewe ndiye mtaalamu? Hukuandika anavyofanya?" Nilikuwa nimeandika, tena kwa daftari jipya. "Piga kofi." Kofi gani sasa? La kiganja ama la mgongo wa mkono? "Subiri mpaka inyamaze vizuri." Hivyo ndivyo mama alivyosema, nami nikaandika hivyo hivyo, kama karani wa korti. Nikaizaba. Kimlango kikang'oka. Tona ikanimwagikia shati langu jeupe la Gikomba. Jioni nikapanda 58 pale Jogoo Road, kurudi kwa SQ yangu Buruburu, makanga akaniuliza makaa ni pesa ngapi kwa debe.

Ofisini kuna kijana wa atachimenti, anasoma sana, ananichosha. Ati kuna Mmarekani, Julian Orr, aliyewafuatafuata mafundi wa mashine za Xerox, akatoa kitabu mwaka 1996. Alikuta kwamba kitabu cha maelekezo ya mashine hakiwatoshi. Mashine ikiwashinda, wanakaa wanakula, wanapigiana stori: yangu ilinifanyia hivi, yako je? Dawa inatoka kwa hizo stori. Mtu analipwa kusikiliza mafundi wakipiga domo! Mimi nikisimama jikoni dakika tano naulizwa kama nalipwa kusimama.

Halafu yule kijana akauliza, mbele ya bosi, sisi hizo stori tunapigia wapi. Kimya. Zamani tulikuwa na chai ya saa nne. Wote tunabanana jikoni, mandazi mkononi, na Mama Chai anatusimulia vile mashine ilimsumbua asubuhi na vile aliinyoosha. Ile chai ilifutwa kupitia ripoti, ikaitwa porojo, mahali pake ikawekwa rejista ya maarifa. Rejista mpaka leo ina ukurasa mmoja, na ukurasa huo umeandikwa jina langu.

Ripoti niliiandika mimi, nikitoka semina.

Mama Chai anarudi Jumatatu. Ukikutana naye hapo steji, tafadhali, mambo ya kimlango usiguse.