Ainisho la Machungu Yabandikwayo kwa Uji wa Muhogo

Kolaji ni fani ya kukata picha za watu wengine na kuzibandika upya mpaka ziseme lako. Tawi lake la njozi, lile linalompa binti injini ya pikipiki mahali pa goti, halijaainishwa ipasavyo huko Makoko, kwenye Manispaa ya Musoma, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Pengo hilo naliziba hapa.

Mwasisi wa nadharia yetu ni Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, 1972. Mkusanyo wake wa picha 12 wa mwaka 2006 una jina la kitabibu kabisa, la aina za uvimbe wa mfuko wa uzazi. Juu ya michoro ya zamani ya magonjwa ya wanawake alibandika macho, midomo na manyoya. Pale daktari alipoonyesha ugonjwa, yeye akaweka uso unaokukodolea macho.

Vifaa vya Makoko ni mkasi wa cherehani, magazeti, kalenda ya mwaka jana na uji wa muhogo. Gundi ya dukani haifai, hukauka kabla hasira haijapoa. Msimu wake ni mbalamwezi: dagaa hufuata taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala mwaloni na watu hupata nafasi ya kukumbuka wanachodai.

Spishi ya kwanza ni Deni. Mdaiwa huvishwa suti ya mheshimiwa na kichwa cha sangara. Max Ernst, naye mbandikaji wa kolaji, aliwapa watu vichwa vya ndege katika kolaji zilizochapishwa 1934, lakini hakuwa na sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 akawala aliowakuta.

Wivu una macho sita kwenda juu. Hutengenezwa na wale wasio na wivu.

Msiba ndio unaoniharibia jedwali. Aliyefiwa na mtu ziwani hakati mtumbwi hata mmoja. Hukata viti vya plastiki kwenye tangazo la duka, akavipanga juu ya maji ya buluu ya kalenda, kila kiti na miguu ya kuku. Kwa nini kuku? Kuku hajui kuogelea, nikajibiwa, na mahojiano yakaishia hapo. Pwani, mwenye kinyongo huvaa kanga yenye maneno, na jirani naye hujibu kwa kanga yake. Kanga inataka msomaji mlengwa. Viti hivi havina wa kuvijibu, na nadhani ndiyo sababu havikuandikwa neno.

Sampuli ya mwisho imeleta mgogoro. Yule mwenye kichwa cha sangara ameketi kwenye kiti chenye miguu ya kuku, juu ya maji yaleyale. Kamati ya uainishaji, yaani mimi, iliuliza kama marehemu aliondoka na deni la watu. Aliyebandika akasema ndiyo, elfu arobaini, na kwamba anazitaka. Tumeisajili chini ya Deni, kwa masharti.