Shukrani kwa Baridi ya Julai

Mwanasiasa akileta malori mawili ya kokoto katika mtaa wa Umoja, Nairobi, ataimbiwa, atapigwa picha na kupewa kipaza sauti asichokirudisha hadi magharibi. Baridi ya Julai huja kila mwaka bila kualikwa, hukaa wiki kadhaa, huacha pesa katika nyumba zisizozoea kuona pesa, kisha huondoka pasipo mtu hata mmoja wa kuisindikiza stejini. Badala ya shukrani hutukanwa. Kondakta huilaani akining'inia mlangoni mwa matatu, muuza mboga wa soko la Mutindwa huilaani akipuliza vidole, na mtoto wa shule huilaani anapoamshwa saa kumi na moja alfajiri ili aoge. Wenye sababu ya kunyamaza ni wachache, na wa kwanza kati yao ni yule mama wa ghorofa ya tatu anayetia nyuzi rangi kwenye sufuria na kufuma sweta kwa mkono. Kwa kuwa mwezi huu yeye mwenyewe hana nafasi ya kuzungumza, nitamsemea, na hoja yangu ni moja: mtaa mzima hauna mfadhili mwaminifu na mwenye faida kwa nyumba yake kuishinda baridi hii inayosingiziwa kila ovu.

Mgeni wa heshima husomewa wasifu, basi na tuusome. Baridi yetu si mzaliwa wa Nairobi. Juni na Julai ni kipupwe kusini mwa dunia, na hewa ya huko huvuka Bahari ya Hindi ikisukumwa na kusi, upepo uleule uliokuwa ukipeleka majahazi ya Lamu na Mombasa hadi Arabuni. Ukifika bara hupanda nyanda za juu, hewa yake hupoa, mawingu hutanda chini na kugoma kuondoka. Nairobi iko kilomita zisizofika 150 kusini mwa ikweta, lakini iko pia karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mawingu yakishatanda, jua huwa habari ya kusimuliwa. Alfajiri kipimajoto husoma nyuzi 11 au 12 hivi, na adhuhuri hakipandi sana zaidi ya 22. Kila mwaka Idara ya Hali ya Hewa, kutoka makao yake ya Dagoretti Corner, hutangaza ujio wa baridi hii kwa lugha ya tahadhari, kana kwamba ni mhalifu anayesakwa. Mtu wa Oslo au Chicago akisikia nyuzi hizo hucheka. Acheke, ila hajauliza baridi hiyo inalala wapi. Ya kwake huishia mlangoni, maana nyumba yake ina mitambo ya kupasha joto. Akiingia ndani huvua koti na sweta pia. Nyumba ya Umoja haina mitambo hiyo. Baridi huingia na mwenye nyumba, huketi naye kwenye kochi na kulala naye kitandani. Huko kwao sweta ni vazi la safari ya kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Huku ni vazi la kula, la kutazama habari ya saa tatu na la kulalia. Anayeishi kwa kuuza sweta atambue mwenyewe soko pana ni lipi.

Katika kazi hii baridi ina mshirika mkuu, naye ni mwenye ploti. Umoja ya kwanza ilijengwa miaka ya 1970 na Halmashauri ya Jiji kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, na nyumba zake zilikuwa za chini, zenye ua ambao jua liliingia bila kubisha hodi. Wenye ploti wakaona ni uzembe kuacha hewa tupu bila kuitoza kodi, wakaongeza ghorofa ya kwanza, ya pili, hadi ya sita na ya saba, jengo likitazamana na jengo kwa karibu kiasi kwamba jirani anaweza kukupokeza chumvi dirishani. Matokeo yake ni kwamba mpangaji wa chini huwasha taa saa sita mchana, na kuta zake za mawe hazikauki tangu Juni hadi Agosti. Kwa haki ya jiografia Umoja, iliyo chini kuliko Limuru kwa mamia ya mita, ingepaswa kuwa na joto kidogo. Wajenzi wamelirekebisha kosa hilo la maumbile. Watu wa mipango miji huyaita majengo haya ukiukaji wa sheria. Mfumaji huyaona kuwa ruzuku.

Tuutazame ufadhili wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa Mei maagizo humfuata mlangoni: sweta ya shule iliyopotea katikati ya muhula wa pili, seti ya mtoto mchanga yenye kofia na soksi, shali ya bibi anayetoka kijijini, na kofia za marvin ambazo vijana wa bodaboda huzivaa chini ya helmeti, wanapoikumbuka helmeti. Mfadhili huyu hamwambii aandike mradi, haitishi semina hotelini, wala hasubiri apigwe picha akikabidhi hundi kubwa ya karatasi ngumu. Linganisha na wafumaji wengine wa nchi hii, ambao nawaheshimu sana. Wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota na kufuma sufu tangu 1977, na kule Njoro wa Kenana Knitters wapo tangu 1998. Kazi zao ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya wanunuzi wao ni wageni. Mnunuzi wa aina hiyo huja kwa ndege, na ndege huweza kuzuiwa. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria kutoka nje, na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Mawingu ya Julai mwaka huo yalifika kwa ratiba yake, bila cheti cha kupimwa korona.

Mpinzani makini hatanigusa kwenye kufuma. Atanishika kwenye rangi. Atasema kwamba anayetia nyuzi rangi anahitaji jua, na Julai kamba za nguo za Umoja hubeba suruali zisizokauka kwa siku tatu, zikinuka uvundo. Ni kweli kuhusu suruali. Uzi uliotiwa rangi una tabia nyingine. Jua kali la Januari huila rangi kabla haijazoea uzi, hasa rangi za mimea, na ndiyo maana mjuzi wa kazi hii huanika kivulini hata pale jua linapotolewa bure. Julai yote ni kivuli. Tena rangi zenyewe hupatikana kwa bei ya kuinama tu: maganda ya vitunguu yanayofagiliwa sokoni Mutindwa hutoa manjano hadi rangi ya kutu, kokwa na maganda ya avokado hutoa waridi iliyotulia, na majani ya chai hutoa kahawia. Shabu kidogo huifanya rangi ishike, na misumari yenye kutu huigeuza manjano ikawa kijani cha zeituni. (Sukuma wiki, pamoja na kijani chake chote cha kujionyesha, haiachi rangi ya kudumu, inafaa sahanini tu.) Sufu haipendi kuchemka kwa fujo, wala kutolewa ghafla kwenye moto na kutumbukizwa kwenye maji baridi, maana husinyaa na kugandamana; hutaka saa nzima ya moto wa chini, kisha iachwe ipoe taratibu ndani ya sufuria yake. Februari, kukaa saa nzima karibu na sufuria inayofuka mvuke ni adhabu. Julai ni starehe, na familia nzima husogea jikoni kwa hiari, ikijifanya imekuja kuuliza chakula kitaiva lini. Hata maji, ambayo huja kwa zamu au kwa mkokoteni wa mitungi ya lita 20, hayamwagwi ovyo: ya mwisho ya kusuuzia huingia chooni, ambako katika msimu huu huwa na rangi za kupendeza kuliko sebule nyingi.

Utaratibu wa nyumba nao hunyooka. Miezi ya joto kila mtu ana mahali pa kwenda jioni. Julai mume anayependa kubarizi hugundua ghafla kwamba ana watoto, na watoto hugundua kwamba mikono miwili iliyonyooshwa mbele ndicho chombo bora cha kushikia uzi unaozungushwa kuwa donge. Stima ikipotea, na mvua za rasharasha zikianza hupotea, televisheni hunyamaza na mashine ya fundi cherehani wa ghorofa ya chini husimama, ila sindano mbili za kufumia huendelea gizani, kwa kuwa vidole vilishajua njia. Zipo gharama, sikatai. Sufuria ya rangi hufanana na ya ugali, na siku moja katika msimu zitabadilishana zamu. Vidole vya mama huenda kwenye chama vikiwa vya manjano, na mweka hazina huvitazama kwa wasiwasi kila vinapogusa noti. Watoto wa nyumba hiyo huvaa masalio, mkono mmoja wa kahawia na mwingine wa waridi, wasiweze kupotea hata katika soko la Gikomba siku ya Jumamosi.

Umeitaja Gikomba mwenyewe, atasema mpinzani. Baridi humnufaisha muuza mitumba, ambaye sweta yake ya Ulaya ni nzito na ni rahisi kuliko yoyote iliyofumwa Umoja. Hoja ina nguvu, ila imeishia sokoni bila kufika jikoni. Kwanza, mtumba haujui rangi za shule ya mtoto wako wala mistari ya shingoni mwake, na mwalimu wa zamu hana huruma na mistari iliyokosewa. Pili, uzi wa akriliki unaojaa madukani haushiki rangi ya ganda la kitunguu. Sufu ndiyo huishika, na sufu ya bei nafuu imo ndani ya robota hizohizo za mitumba. Mfumaji hodari hugeuza sweta ya mtumba ndani nje, huchungulia mshono wa ubavuni: ukiwa umekatwa na kufungwa kwa mashine ya ovaloki huirudisha, kwa kuwa itampa vipande vifupi tu, ukiwa umeunganishwa bila kukatwa, huinunua na kuifumua usiku huohuo. Hivyo mshindani wake ndiye anayemletea malighafi, inayosafirishwa bahari nzima kwa gharama za mtu mwingine.

Shitaka zito zaidi ni la uhai, na hapa sitafanya mzaha. Watoto hukohoa, wengine hupata nimonia, na haupiti msimu bila habari ya watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wakauawa na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Lakini tumfungulie mashitaka mhusika. Kinachoua hapo ni makaa na dirisha lililozibwa kwa gunia, katika nyumba iliyojengwa bila kumfikiria anayelala ndani yake. Sweta ni joto la pekee mtaani humo linaloruhusu dirisha liachwe wazi. Anayeichukia baridi kwa sababu ya jiko ana sababu nzuri ya kumpelekea mfumaji agizo, na alipe nusu mapema.

Linabaki lalamiko la mwisho, kwamba mfadhili huyu hakai. Katikati ya Septemba jua hurudi, marvin ambazo hazikuuzwa hurudi kwenye mfuko pamoja na dawa ya nondo, na wateja huanza kuomba kupunguziwa bei. Ni kweli, lakini miezi ya joto si likizo. Februari, Nairobi ikiwa inaungua, ndipo muuza mitumba ana haraka ya kuondoa sufu kwa bei ya kutupa, na ndipo mama huyu hununua, hufumua na kupanga nyuzi zake chini ya kitanda akingoja mawingu. Asiyekubaliana na kalenda hii ni mwenye ploti peke yake, anayeitaka kodi yake tarehe tano ya kila mwezi, baridi iwepo isiwepo.